Dar imeshavuka Kiluvya: nani anaupanga mji mmoja ulio ndani ya mikoa miwili?

Mzawa wa Magomeni (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka hapa tulijadili kwa kina. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome mwisho.

Chukueni Sensa ya 2022 mlinganishe na ya 2012. Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 ukafika 5,383,728. Ni milioni moja na ushei, lakini kwa asilimia ni kama 23 tu kwa miaka kumi, chini ya kasi ya nchi nzima. Sasa mtazameni jirani yake. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947. Hiyo ni asilimia 84! Nimewasikia watu wakisema Dar imeanza kupoa, vijana wanarudi mikoani. Sikubaliani nao hata kidogo. Dar haijapoa, imeruka mpaka.

Familia ikiuza nyumba ya urithi Magomeni au Temeke, wale ndugu wanne wakagawana, hakuna anayeweza kununua Sinza. Mmoja anakwenda Kibamba. Mwingine bei inamshinda, anavuka Kiluvya, yuko Pwani. Wa tatu anasogea mpaka Visiga au Mlandizi. Ni hivyo hivyo Barabara ya Bagamoyo: ukishapita Bunju unaingia Mapinga, Kerege, Zinga. Barabara ya Kilwa, ukiacha Mbagala na Kongowe uko Vikindu, halafu Kisemvule, halafu Mkuranga yenyewe. Upande wa Gongo la Mboto watu wamepanda kilima cha Pugu wameingia Kisarawe. Pita njia yoyote kati ya hizo saa mbili usiku uangalie taa za maduka. Utajua umebadili mkoa kwa kusoma kibao tu.

Mji kumeza mashamba si jambo geni kwetu. Mwaka 1964 Chuo Kikuu kilipohamia Mlimani, watu walikiona kimejengwa porini. Sensa ya 1967 ilikuta mji wote una watu 272,821. Tumekua na tumezoea kukua. Tofauti ni kwamba zamani mji ulitanuka ndani ya mamlaka yake, safari hii umeingia kwa mwenye mamlaka mwingine: mkuu wa mkoa wake, mabaraza yake ya madiwani, michoro yake. Na hata huku ndani hakuna baraza moja. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hesabuni wenyewe: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni. Vukeni mpaka: Kibaha mjini, Kibaha Vijijini, Bagamoyo, Kisarawe, Mkuranga. Halmashauri kumi, na kila asubuhi watu wale wale wanapita katika tatu au nne kati yake kabla hawajafika kazini.

Kitu kimoja kimeshaliona hilo zamani, nacho ni bomba la maji. DAWASA, mamlaka yetu ya maji, inahudumia Dar pamoja na miji hiyo ya Pwani, kwa sababu maji tunayokunywa Kariakoo yanachotwa Mto Ruvu, mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi na wa Ruvu Chini uko Bagamoyo. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ulipopungua maji tukaingia kwenye mgao, hakuna mtu wa Dar aliyesema yale ni mambo ya Pwani. Kwenye maji tumekubali kuwa mji mmoja. Kwenye barabara, taka, mifereji na misitu bado kila mtu na lwake.

Mfano unaoniumiza ni Msimbazi. Mto ule unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka mpaka Jangwani unamwaga baharini kwenye daraja la Salenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, na naunga mkono kwa moyo wote. Lakini tunatibu mdomo wa mto huku kule juu misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imezungukwa na viwanja vya kuuza. Diwani wa Kisarawe akipitisha viwanja mlimani, anayeogelea na godoro lake ni mtu wa Mkwajuni kule bondeni. Hawajawahi kukaa kikao kimoja.

Ninachotaka: chombo kimoja cha Dar na Pwani, chenye kazi chache tu, yaani njia kuu, mito na mifereji, taka, na maeneo ya wazi. Chombo hicho kitenge ardhi ya mambo hayo sasa hivi, kabla haijajengwa. Mkoa usibadilishwe jina, mtu asinyang'anywe halmashauri yake.

Kwa nini nasema sasa? Kumbukeni Kimara 2017. Hifadhi ya Barabara ya Morogoro pale ilikuwa mita 121.5 kila upande mpaka Kiluvya. Watu waliachwa wakajenga, wakaungiwa umeme, wakapelekewa maji, wengine wakazeekea mle. Ikaja alama ya X nyekundu, ikaja bomoabomoa. Leo tunapita njia nane za kilomita 19.2 mpaka Kibaha, barabara nzuri kabisa, na mimi naipita kila wiki. Lakini nina shangazi aliyelala nje siku ile, na sitaki watoto wa Vikindu na Mapinga wayaone yale miaka kumi na tano ijayo.

Naomba kuwasilisha.

Mama Wawili Kibaha

Mleta uzi umenena. Mimi naishi Picha ya Ndege, Kibaha, nafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Naamka saa kumi alfajiri. Ukichelewa mpaka saa kumi na mbili kituo cha Maili Moja kimeshajaa, na gari zinazotoka Mlandizi zinafika watu wamesimama mpaka mlangoni. Wenye nguvu wanageuza nazo: wanapanda gari linalokwenda kinyume mpaka mwisho wa safari, wanalipa nauli mara mbili ili warudi wamekaa. Nikifika Mbezi nashuka, nasogea na lingine mpaka Kimara, Kimara ndiyo napanda mwendokasi, yale mabasi ya haraka. Magari matatu, nauli tatu, na katika hiyo safari yote njia maalumu ya mwendokasi inaanzia pale Kimara.

Njia nane zimesaidia, nisiwe mchoyo wa fadhila. Lakini zimesaidia gari, hazijanisaidia mimi nisiye na gari. Gari ndogo yenye mtu mmoja inanipita nikiwa nimesimama kituoni.

Na hii habari ya mamlaka mbili nimeiona kwa macho yangu kwenye taka. Mtaa wetu kuna korongo, upande mmoja wanaleta gari la taka, upande wa pili wanasema si eneo lao. Taka zinamwagwa kwenye korongo.

Mjukuu wa Mkuranga

Samahani mkuu, mimi napinga. Kila Dar inapokuja na wazo la "kushirikiana", Pwani ndiyo inayotoa. Maji yanatoka kwetu, mchanga wa kujengea unatoka kwetu, mkaa ulitoka kwetu mpaka misitu ikaisha. Sasa tumepata viwanda Mkuranga na Kibaha, ushuru wa huduma unaingia halmashauri zetu, tunajenga madarasa, ndiyo mnakumbuka kwamba sisi ni mji mmoja?

Halafu takwimu zako zina kasoro. Pwani si Kibaha tu. Kuna Rufiji, Kibiti, Mafia, Chalinze. Usiwahesabu watu wa Mafia kuwa wamefurika kutoka Manzese.

Mzawa wa Magomeni

Mjukuu wa Mkuranga, karibu sana, ulichosema kina uzito. Kuhusu takwimu: kweli Pwani ni pana. Lakini tazama ongezeko limeangukia wapi. Mkuranga na Kibaha mjini zilizidi mara mbili kati ya sensa hizo mbili, na zote zimepakana na Dar. Rufiji na Mafia haziwezi kuibeba ile asilimia 84.

Kuhusu kunyonywa, hapo nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Leo Pwani inatoa na haina kiti. Lori la mchanga linavunja barabara ya Mkuranga, faida inaonekana kwenye ghorofa la Mbezi Beach. Kwenye chombo ninachokisema, Mkuranga ingekaa mezani na kura yake, ikasema: mchanga wangu una bei, na sehemu ya bei hiyo inatengeneza barabara yangu. Ushuru wa kiwanda chako ubaki wako. Siugusi.

Ruiru Kimbo

Salamu kutoka Kenya. Naomba niwaambie yaliyotupata, maana ninyi mnaingia tulikopita.

Nairobi ilihesabiwa watu 4,397,073 kwenye sensa ya 2019. Kiambu, jirani yake, ikawa na 2,417,735. Machakos 1,421,932, Kajiado 1,117,840. Ukiingia Thika Road ukitoka katikati ya Nairobi hutaona mahali ambapo mji umeisha mpaka ufike Thika. Ruiru ninakokaa palikuwa mashamba ya kahawa. Sasa tuko karibu nusu milioni, tumeipita hata Thika yenyewe. Barabara ilipopanuliwa, ikakamilika 2012, ploti zikapanda bei na magorofa ya kupangisha yakaota mpaka kwenye uchochoro usiopitisha gari la zimamoto.

Mpaka wetu ni Githurai. Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu, na majina yenyewe ni namba za njia za matatu tu. Mimi niliuza mitumba pale. Nikiwa upande huu nalipa kaunti hii, nikivuka na mzigo wangu mkokoteni mmoja naulizwa risiti ya kaunti nyingine. Soko ni moja, wateja ni wale wale.

Chombo mnachokitaka sisi tunacho. Mwaka 2017 iliundwa mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji, NaMATA, inayojumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mwaka 2018 Thika Road ikapakwa mistari myekundu ya mabasi ya kasi. Matatu zikapita juu ya ile rangi mpaka ikafifia. Chombo bila pesa yake na bila meno ni ofisi tu. Gavana anasema barabara ya ndani ni yake, serikali kuu inasema barabara kuu ni yake, abiria amesimama kwenye stage.

Na huyo ndugu wa Mkuranga namwelewa. Maji mengi ya Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, ambalo liko Murang'a. Viongozi wa Murang'a wamedai mgao wa mapato ya maji hayo miaka nenda miaka rudi. Andikeni mgao huo mwanzoni, mji mkubwa ukiwa bado unawahitaji.

Mkaazi wa Bochum

Niko Ujerumani mwaka wa kumi huu, eneo la Ruhr. Hapa hakuna Dar na hakuna Kibaha, kuna Duisburg, Essen, Bochum, Dortmund na nyingine, jumla miji na manispaa 53, watu kama milioni tano. Ilikua kila mmoja kwenye mgodi wake wa makaa na kiwanda chake cha chuma, ikagusana. Natoka Bochum naingia Herne kwa treni ya chini ya ardhi, njia U35, na nikitokeza juu sioni tofauti yoyote.

Mwaka 1920 miji hii iliunda umoja wa mipango. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inadaiwa makaa baada ya vita, wachimbaji walitakiwa kwa maelfu pamoja na familia zao, na kila mji ulikuwa unajenga unavyojua. Mkurugenzi wa kwanza, Robert Schmidt, aliyekuwa mtu wa mipango wa Essen, alisisitiza yale yale anayoyasema mleta uzi: njia za kupita na maeneo ya kijani yatengwe kwanza. Ile mikanda ya kijani kati ya miji bado ipo. Wanangu wanaendesha baiskeli mle. Umoja wenyewe upo mpaka leo kwa jina jingine, umewahi kunyang'anywa madaraka ya mipango ukarudishiwa 2009. Tangu 1980 kuna mfumo mmoja wa tiketi: nakata moja, napanda basi, tramu na treni za kampuni tofauti.

Na hakuna mji uliomezwa. Bochum ina meya wake, Dortmund ina wake, na siku ya mechi ya Dortmund na Schalke ya Gelsenkirchen usithubutu kumwambia mtu kwamba wao ni mji mmoja.

Ila msidhani walifanya yote sawa. Tramu za Bochum zinapita kwenye reli ya upana wa mita moja, za Dortmund ni reli pana zaidi. Kila mji ulijenga peke yake enzi zile, na mpaka leo tramu ya Bochum haiwezi kuingia Dortmund.

Dada wa Vigae

Nachangia kidogo. Wengi wetu tunaofuata mzigo China tunalala Guangzhou, lakini vigae na fanicha tunanunua Foshan, mji mwingine kabisa. Tangu 2010 kuna reli ya chini ya ardhi inayounganisha hiyo miji miwili. Asubuhi naagiza mzigo Foshan, jioni nimerudi hotelini, sijapanda teksi. Kibaha na Kariakoo zikipata hata nusu ya hiyo, mimi nahamia Kibaha kesho.

Mama Wawili Kibaha

Dada wa Vigae, reli tunayo! SGR, ile treni mpya ya umeme, inapita Pugu, Soga na Ruvu, imeanza kubeba abiria 2024. Soga iko wilaya ya Kibaha. Shida ni kwamba treni zimepangwa kwa wasafiri wa Morogoro na Dodoma, na kutoka nyumba zetu zilipo mpaka Soga stesheni ni bodaboda ya pesa nyingi. Mnakumbuka treni ya Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, ya 2012, ile ya Ubungo? Ilijaa tangu siku za mwanzo, kwa sababu ilipita walipo watu kwa saa wanazokwenda kazini.

Fundi Ramani

Mimi kazi yangu ni upimaji, nimepima viwanja pande zote mbili za mpaka, ngoja niwaonyeshe jinsi njia zinavyopotea.

Mzee ana shamba la ekari moja Vikindu. Ekari ni mita za mraba 4,047 hivi. Dalali anakuja na wateja wa hatua ishirini kwa ishirini. Chukulia hatua moja ni mita moja: shamba linatoa viwanja kumi kamili kama hakuna njia. Ukiacha njia ya mita sita katikati, kiwanja kimoja kimekwenda, pengine viwili. Mzee ana mtoto wa kusomesha, kiwanja kimoja ni ada ya miaka. Basi anaacha uchochoro wa bodaboda, anasema gari litapita kwa jirani. Jirani naye amesema hivyo hivyo. Miaka mitano baadaye tunaitwa kwenye urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa, tunakuta nyumba mia tatu na hakuna gari la wagonjwa linaloingia. Tunawaomba wenye nyumba watoe kila mmoja mita moja bure. Aliyejenga ukuta wa tofali jana hatoi.

Sasa panua jambo hilo liwe la halmashauri. Nimewahi kushika michoro miwili ya mipango miji iliyopakana, mmoja wa Dar mmoja wa Pwani. Mmoja una barabara ya mita ishirini inayokuja moja kwa moja mpaka mpakani. Kwenye mchoro wa pili, mahali ambapo barabara ingeendelea, pamechorwa viwanja vya makazi, na vimeshauzwa. Wachoraji wote wawili walifanya kazi vizuri, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya chombo kikubwa chenye jengo na magari, naomba kitu kidogo: mchoro wowote wa eneo lililo ndani ya kilomita mbili za mpaka usipitishwe mpaka halmashauri ya upande wa pili itie saini. Hilo halihitaji bajeti.

Mzawa wa Magomeni

Fundi, hili lako naliweka mbele ya la kwangu. Na la Ruiru kuhusu meno nalichukua vilevile. Nikipanga upya hoja yangu inakuwa hivi: saini ya jirani ianze, kisha njia na mabonde ya mito yachorwe kwenye ramani moja ya halmashauri zote kumi na kutangazwa rasmi, kisha ndiyo tuzungumze mabasi na treni. Mgao wa Pwani uandikwe tangu siku ya kwanza. Mjukuu wa Mkuranga, hapo je?

Mjukuu wa Mkuranga

Mgao ukiandikwa na dampo lisiletwe kwetu, tunaweza kukaa. Nasema wazi: dampo la Pugu Kinyamwezi likijaa, nyinyi mtatafuta pori la Kisarawe au Mkuranga. Hilo tutalikataa kwanza, mengine baadaye.

Mzawa wa Magomeni

Ni haki yako. Na afadhali mlikatae mezani kuliko kuamka mkakuta malori.

Mpangaji Tabata

Wakuu, mimi mambo ya mikoa siyajui sana, ila nimeshtuka. Nimelipia nusu ya kiwanja Kerege, karibu na lami, dalali ananisukuma nimalizie mwezi huu. Nifanye nini?

Fundi Ramani

Usimalizie kwanza. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, Bagamoyo, uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji na kiwanja chako kimeangukia kwenye matumizi gani. Usikubali kuonyeshwa picha kwenye simu ya dalali. Kwa kuwa uko karibu na lami, waulize TANROADS, wakala wa barabara, hifadhi ya barabara inaishia wapi. Sheria ya Barabara ya 2007 inasema mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu kila upande, lakini kama tulivyoona Kimara, kuna mahali ni pana zaidi, kwa hiyo pata jibu la pale pale. Serikali ya mtaa au kijiji wawepo mnapoandikishana, na majirani wa pande zote nne watie saini.

Halafu nenda siku mvua imenyesha sana, usimame kwenye kiwanja uone maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Waulize wenyeji wa zamani, hasa waliolima pale, maana ukuta wa jirani unaweza kuwa umeficha mkondo. Dalali akisema mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu, mwache huyo mteja anunue.